Aliyekata kwa Nyonga

Kwa miezi saba Ivo Bressan alishindwa kumtembeza mtu mmoja barazani kwake.

Mtu mwenyewe hakuwa wa nyama na damu. Alikuwa kikaragosi cha kompyuta, mwanamume wa rangi ya udongo asiye na nywele, ambaye Ivo alimpata bure kwenye mtandao pamoja na programu ya kumchezesha. Unamkunja goti, unamwinua mkono, unamgeuza shingo, picha baada ya picha, picha ishirini na tano kwa kila sekunde. Ndani ya kompyuta, kwenye sakafu tupu, alitembea vizuri tangu wiki ya pili. Shida ilikuwa kumtoa humo. Ivo aliirekodi baraza yake kwa kamera, akampachika yule mtu juu ya mbao alizozipaka rangi kwa mkono wake, na mtu akapita mbele ya viti akiteleza kama aliyekanyaga sabuni. Alipomrekebisha asiteleze, akazama sakafuni hadi vifundoni. Alipomwinua, akaelea.

Marlene, mkewe, alikuwa akija gereji na kikombe cha kahawa, anatazama mara moja tu.

"Jua letu liko kulia," alisema siku moja. "Na kivuli chake nacho kinaangukia kulia. Huyu anaishi nchi gani?"

Ivo hakukasirika. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia kosa lake anatikisa kichwa kukubali, kisha anarudi kitini. Alikuwa na miaka hamsini na minne, dereva wa garimoshi dogo la kubeba miwa kutoka mashambani hadi kiwandani, hapa kwetu kando ya mto Herbert, kaskazini mwa Queensland. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba tani mia mbili za miwa hazisimami kwa kupiga kelele. Zinasimama ukianza kufunga breki mapema.

Kazini walimtania. Kev Doolan, mwenzake wa zamu, alikuwa akimpokea karakana kwa swali lile lile.

"Ivo, mwanasesere wako hajambo? Ameota meno?"

"Hajambo. Anauliza kama mkeo ameshakupa ruhusa ya kwenda kuvua."

Basi, mwezi wa kumi na moja, mwaka 2003, msimu wa kusaga miwa ukiwa unaishia, Marlene aliingia gereji na kahawa, akatazama skrini, akaweka kikombe chini, akatoka. Ivo akamsikia akipanda ngazi za baraza. Baada ya muda akarudi.

"Nani yule aliyekaa kwenye kiti changu?"

Ivo aliegemea nyuma akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Kuanzia siku hiyo hakuona jambo lililomshinda.

Ndiyo maana mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha tangu asubuhi na feni za klabu ya Waitaliano zikizungusha joto lile lile, alinyoosha mkono kwenye mkutano wa kamati ya sherehe. Mwezi wa tano mji ungeadhimisha miaka arobaini tangu panga la mwisho liwekwe chini na mashine za kuvuna zichukue mashamba. Mwenyekiti, Ross Culhane, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado aliongea kama watu wote wameketi madawatini, alikuwa akilalamika kwamba mji mzima haukuwa na filamu hata ya dakika moja ya watu wakikata miwa kwa mkono. Zilikuwepo picha tatu tu, na katika mojawapo wakataji walikuwa wanakunywa bia.

"Mimi nitawapa filamu," Ivo alisema.

"Utaigiza wewe, na tumbo hilo?" mtu akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka.

"Nitamtengeneza mkataji kwenye kompyuta, nimpeleke shambani. Shamba la kweli, letu hili hili. Mtamwona anakata kana kwamba kamera ilikuwepo siku hiyo."

"Mtu wa katuni," Ross alisema.

"Mtu ambaye ukimwona hutauliza ametoka wapi."

"Na tukiuliza?"

"Basi mtanicheka. Si mmeshazoea?"

Ross akakuna kidevu. Akampa hadi Pasaka alete kitu cha kutazama.

Ivo alisubiri siku tisa jua litoke. Lilipotoka, akaenda ukingoni mwa shamba, akairekodi miwa iliyosimama, kisha nyumbani, kwenye kompyuta, akaigeuza iwe ya kahawia na nyeusi, maana zamani miwa ilichomwa moto kabla ya kukatwa. Akachagua kikaragosi chenye kifua kipana. Akakipaka masizi, akakipa kofia, akakipa panga. Kazi iliyomtesa zaidi ilikuwa majani. Mkataji alitakiwa aingie katikati ya miwa, majani mengine yawe nyuma yake na mengine mbele, kwa hiyo kila jani la mbele ilibidi alizungushie mstari kwa mkono, picha kwa picha. Kwa sekunde kumi na nane za filamu, hizo ni picha mia nne na hamsini. Asubuhi anapotoka kwenda kazini anaiacha kompyuta ikikokotoa, na Marlene amekatazwa kuwasha pasi, umeme usije ukakatika.

Wiki moja kabla ya Pasaka aliipeleka video klabuni, Jumapili alasiri, wakati wazee wanakunywa kahawa baada ya mchezo wa kurusha matufe. Aliunganisha kompyuta na televisheni ya baa. Mkataji akatokea, kifua mbele, akashika muwa juu, akainua panga juu ya bega, akashusha. Muwa ukaanguka. Akashika mwingine.

Watu wakapiga makofi. Ross mwenyewe akasema, "Kwa kweli, Bressan, sikutegemea."

Ndipo sauti ikatoka mezani karibu na dirisha.

"Huyo anachinja kuku."

Aliyesema ni Ersilia Gottardo, mjane wa miaka themanini na mmoja, mwanamke mfupi aliyevaa nyeusi tangu mumewe Bepi afariki, na ambaye watu walimjua zaidi kwa biskuti zake za unga wa mahindi. Alikuwa ameshika kikombe, hakuwa hata amegeuka vizuri.

"Umesemaje, Bi Ersilia?" Ivo akauliza.

"Nasema anachinja kuku. Tena kuku mwenyewe mrefu. Tazama anakata wapi. Hapo magotini! Sukari iko chini, mwanangu, chini kabisa, inapogusana na udongo. Mkulima angemfukuza kabla ya saa ya chai."

"Bi Ersilia alikuwa anampelekea Bepi chakula shambani," Ross aliwaeleza watu kwa upole. "Lazima aliona mengi."

Yule mama akaweka kikombe kwenye sahani yake.

"Mimi nilikata."

Kisha mtu mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka mtoto anaposema ameua chui.

"Elfu moja mia tisa hamsini na mbili," Ersilia akaendelea, sasa akiwatazama. "Mwezi wa tisa behewa lilimwangukia Bepi, mguu ukavunjika pawili. Makundi yote ya wakataji yalikuwa yameshapangiwa mashamba. Sisi tulikuwa na ekari kumi na mbili tu, nani angetuacha mbele ya wakubwa? Nikavaa suruali ya Bepi, nikajifunga kamba kiunoni. Wiki kumi. Mama mkwe alikaa na mtoto, mimi nikakata zote kumi na mbili na kupakia."

"Lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba mwanamke alikata miwa mtoni hapa," Ross alisema. "Nimesoma kumbukumbu zote. Wala hakuna picha."

"Nani angepiga? Bepi alikuwa na mguu kwenye plasta, mimi nilikuwa na panga mkononi. Ulitaka ng'ombe ashike kamera?"

Sasa watu walicheka kweli, na Ross akawa mwekundu masikioni.

Ivo hakucheka. Alikuwa anamtazama mkataji wake kwenye televisheni, anayeinua panga na kushusha, na aliona kwamba yule mama alisema kweli. Baba yake Ivo alikuwa fundi kiwandani. Hakukata muwa hata mmoja. Mkataji huyu alikuwa amekisiwa tu, na miezi miwili ilikuwa imekwenda kwenye kisio hilo. Alizima kompyuta, akaifunga, akamwendea.

"Bi Ersilia, kesho nije kwako?"

"Kufanya nini?"

"Unionyeshe."

"Njoo saa tisa. Kabla ya hapo nalala."

Alikwenda na kamera mbili, moja ya kurekodi kutoka mbele na nyingine ubavuni, pamoja na utepe mweupe wa kubandika kwenye viungo vya mwili ili aone kila kiungo kinakwenda wapi. Aliyafikiria yote njiani: angembandika yule mama utepe begani, kiwikoni, kiunoni, gotini, angekata miwa mitano polepole, na yeye angenakili. Ersilia alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho.

"Haitafaa."

"Kwa nini?"

Akajipiga paja la kulia, na ilisikika kama mtu anayegonga meza. "Nyonga hii ni ya chuma. Nilitiwa hospitalini Townsville mwaka juzi. Ukininakili mimi utakuwa umemnakili daktari."

"Sasa tufanyeje?"

Alimkagua kuanzia viatu hadi kichwa, kama anunuaye farasi na hana wa kuchagua.

"Utakata wewe. Mimi nitakufundisha. Mkeo ashike hizo kamera zako."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa alasiri nne mfululizo, katika shamba ambalo sasa linalimwa na mpwa wake Ersilia, dereva wa garimoshi alisimama kwenye matope na utepe mweupe mwili mzima, panga la zamani la Bepi mkononi. Marlene alikuwa nyuma ya kamera. Ersilia alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, na fimbo.

"Chini!"

"Niko chini."

"Umeinama, hujashuka. Kuinama ni mgongo, kushuka ni hapa." Fimbo ikamgusa kiunoni. "Wanaume walikata kwa mkono. Mimi mkono wao sikuwa nao, uzito wangu ulikuwa kilo arobaini na nane. Nilikata kwa nyonga. Mkono wa kushoto unaukamata muwa chini, si juu kama mtu anayening'inia kwenye basi. Unauvuta kwako. Unauvuta, nyonga inazunguka, na panga linafuata lenyewe. Panga ni mkia tu."

Ivo akavuta, akazunguka, akaukosa muwa, akakaa matopeni.

"Marlene," Ersilia akasema, "hiyo imeingia?"

"Yote," Marlene alijibu, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tutaionyesha Krismasi."

Siku ya pili Ersilia aliinuka kwenye kiti, akasimama nyuma yake, akamshika nyonga kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha kabati, akamzungusha. "Hivi. Hivi. Unaona? Mgongo haufanyi kazi. Mgongo ukifanya kazi, saa nne asubuhi umekwisha." Siku ya tatu Ivo alikata muwa wa kwanza safi, sawa na udongo, na alipoushika shina likiwa limekatika laini kama sabuni, alipiga ukelele uliomfanya mpwa wa Ersilia azime trekta kule mbali aje kuuliza kama kuna nyoka. Siku ya nne alikata arobaini. Panga linashuka, muwa unainuka, unageuzwa hewani, kichwa cha majani kinakatwa kwa pigo la pili, unatupwa ubavuni kwenye safu. Pigo, geuza, pigo, tupa. Ersilia alikuwa anapiga mdundo kwa fimbo kwenye mguu wa kiti, upesi kuliko Ivo alivyoweza kuufuata.

"Ndiyo mwendo wako ule?" Marlene akamuuliza.

"Huo ni wa mchana, nimechoka. Wa asubuhi ningewaonea huruma."

Ivo alirekodi ule mdundo peke yake, akarudi nao gereji. Aliunakili mwili wake mwenyewe kiungo kwa kiungo, kisha akaupanga kwenye mdundo wa fimbo, na polepole kikaragosi kikaanza kushuka pale kilipokuwa kikiinama.

Lakini kikaragosi kilikuwa bado kile cha kifua kipana, na mwendo ulikikataa. Kilionekana kama bondia anayecheza ngoma ya mwenzake. Ivo alitazama kwa siku mbili, halafu akakifuta.

Kupata mwanamke kulikuwa na taabu yake. Kwenye maduka ya mtandaoni ya vikaragosi wanawake walikuwa mamia, wote wa miaka ishirini, wote wenye miguu ya mita moja na nusu, na nguo walizopewa zingeenea ndani ya kiganja. Ivo alimwonyesha Ersilia wachache.

"Huyu angeliwa na mbu kabla ya saa moja," alisema. "Na huyu, maskini, hana utumbo. Chakula anaweka wapi?"

Kwa hiyo Ivo alimchukua mmoja na kumfinyanga upya. Alimfupisha. Akampa kiuno, mikono mifupi, vifundo vinene. Alimshonea suruali ya mwanamume iliyokunjwa mara tatu chini na kufungwa kwa kamba, shati la mikono mirefu, kofia ya majani iliyotoboka ukingoni. Uso aliuweka ndani ya kivuli cha kofia kwa sababu Ersilia alimwambia, "Usinitie uso. Nilikuwa na masizi, hata Bepi hakunijua."

Ross Culhane alisikia habari hizo dukani, kama kila kitu kinavyosikika hapa kwetu. Alikuja gereji Jumamosi asubuhi, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ivo, kamati iliomba mkataji."

"Ndiye huyu."

"Iliomba mkataji kama walivyokuwa. Wanaume elfu kadhaa walikata miwa kwenye mto huu. Watu watakuja kuwaona baba zao. Wewe unataka kuwaonyesha mwanamke mmoja ambaye hata hatuna karatasi ya kumthibitisha?"

"Watazame kwanza."

"Ungeweka wote wawili, basi. Mwanamume mbele, yeye nyuma."

"Muda huo sina. Na hata ningekuwa nao, mwanamume niliyekuwa naye alikuwa anachinja kuku."

Ross akavuta pumzi ya mwalimu. "Ni jambo la ukweli, Ivo. Nimefundisha historia miaka thelathini na tatu. Siwezi kusimama mbele ya watu mia tatu na kusema hivi ndivyo ilivyokuwa."

Marlene alikuwa anakunja nguo kwenye meza ya pembeni. Hakuinua macho.

"Ross, wewe ulikata miwa?"

"Mimi? Hapana."

"Ivo?"

"Arobaini," Ivo alisema. "Na mgongo bado unauma."

"Kwa hiyo katika wote tunaobishana, aliyekata ni mmoja, naye amefundishwa na Ersilia," Marlene alisema, akaendelea na mashuka.

Ross aligeuzageuza kofia mkononi. Ivo akamvutia kiti, akaichezesha ile video, ambayo ilikuwa bado haina majani ya mbele wala kivuli. Mwanamke mfupi akaingia kwenye miwa iliyoungua, akashuka, akavuta, akazunguka. Muwa ukainuka mkononi mwake kana kwamba umeitwa. Ross aliitazama mara tatu. Hakusema kwamba ameshawishika, na sidhani alikuwa ameshawishika. Alisema tu, "Nitawaambia watu kwamba picha hii imetungwa."

"Waambie," Ivo alijibu. "Sema kwa sauti. Imetungwa kuanzia kofia mpaka kiatu. Halafu waambie nani alimfundisha mtungaji."

Wakapeana mikono.

Siku ya sherehe mapazia ya ukumbi wa klabu yalifungwa saa kumi jioni, na watu walijaa hadi jikoni. Ross alitimiza neno lake. Alisema filamu ni ya kutunga, imetengenezwa gereji na dereva wa garimoshi, na kwamba mikato yote imetoka kwa Bibi Ersilia Gottardo, ambaye anasema alikata miwa mwaka 1952. Alilitia uzito neno "anasema." Kisha akakaa.

Taa zikazimwa. Filamu ilikuwa ya sekunde hamsini na mbili. Kwanza shamba tupu, upepo kwenye majani. Watu wakaanza kunong'ona wakidhani ni hiyo tu. Halafu majani yakasogea, yule mwanamke akatoka katikati yake, akajifuta jasho kwa kiwiko, akashuka. Ivo alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na Kev Doolan. Alikuwa anaogopa sehemu moja tu, na ilipofika akaiona: picha mbili, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukingo wa kofia ulipita mbele ya jani ambalo lilitakiwa kuufunika. Akasaga meno.

"Nini?" Kev akanong'ona.

"Kofia. Hukuona?"

"Kofia gani? Nyamaza, naangalia."

Pigo, geuza, pigo, tupa. Hakukuwa na muziki, ila mlio wa panga na, kwa mbali, ile fimbo kwenye mguu wa kiti. Safu ya miwa ilirefuka nyuma ya yule mwanamke. Mwishoni alisimama, akaweka mkono kiunoni, akatazama miwa iliyobaki mbele yake, ambayo ilikuwa mingi mno. Akatema mate mkononi, akaingia tena.

Taa ziliwashwa. Mzee mmoja safu ya mbele, aliyekuwa mkataji kwelikweli na aliyekuwa na kovu la panga kwenye mguu kuthibitisha, aliinuka kwa msaada wa mwanawe. Watu wote wakamgeukia, na Ross pia.

"Anakata chini sana," alisema yule mzee. "Sisi tulikuwa hatukati chini hivyo." Akafikiri kidogo. "Tulitakiwa tukate hivyo. Msimamizi alikuwa anatupigia kelele kila siku."

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Watu walipiga makofi, wakagonga meza, wakamtafuta Ersilia kwa macho. Yeye alikuwa ameketi karibu na Marlene, mkono wake wa kulia ukiwa bado unazunguka kidogo mapajani, kama mkono wa mtu anayesikia wimbo. Ivo alimfikia akipenya katikati ya watu.

"Vipi, Bi Ersilia?"

"Mguu wa kushoto unachelewa."

"Nitaurekebisha."

"Urekebishe." Kisha akamshika mkono akaubana kwa nguvu iliyomshangaza. "Nilikuwa na nguvu, eh? Nilikuwa nimesahau nilikuwa na nguvu namna ile."

Ross naye alikuja. Alisimama mbele ya yule mama, akamuuliza kama angekubali kukaa naye siku moja, amsimulie zile wiki kumi, aziandike.

"Leta kalamu mbili," Ersilia alimwambia. "Moja itakwisha."

Ungedhani habari iliishia hapo. Lakini Jumatatu, Ivo alipotoka zamu ya asubuhi, alikuta gari dogo jekundu mbele ya gereji, na mwanamke wa miaka sabini hivi ameegemea mlango, jembe la mpini mrefu begani. Alimjua kwa sura tu. Alikuwa Dulcie Marau, wa ile jamii ya watu wa visiwani ambao babu zao waliletwa hapa kwa merikebu, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, kuja kulima miwa kabla Mwitaliano yeyote hajaujua mto huu.

"Wewe ndiye Bressan wa filamu?"

"Ndiye mimi. Karibu, mama."

"Nilikuwepo Jumamosi. Nilisimama jikoni, nafasi hamna." Alishusha jembe. "Yule mama yenu alikata vizuri. Sina neno. Lakini bibi yangu alitoka kisiwa cha Malaita akiwa na miaka kumi na minne, akalima mashamba haya miaka ishirini, na hakuna hata picha moja ya wanawake wetu, hata wakinywa bia kama wale wakataji wenu. Alinifundisha mwenyewe namna walivyolima mstari mmoja, wanawake wanane, hatua moja, jembe moja. Nyonga zangu zote mbili ni za Mungu. Unaweza kutengeneza wanane?"

Ivo alihesabu kichwani: wanane, vivuli vinane, majani ya mbele ya watu wanane, picha ishirini na tano kwa sekunde. Kompyuta yake ingekokotoa hadi msimu ujao. Aligundua kwamba anatabasamu.

"Wote walikuwa wa kimo kimoja?"

"Thubutu! Mmoja alikuwa kama mnara. Walimweka mwisho wa mstari."

"Basi niambie mmoja mmoja," Ivo alisema, akafungua mlango wa gereji. "Marlene! Leta kamera. Na umpigie Ersilia, mwambie tunahitaji kiti chake na fimbo."

"Fimbo ya nini?" Dulcie akauliza, akiingia na jembe lake.

"Ya kunipiga mimi. Mimi ndiye nitakayelima."

Dulcie akamtazama tumbo, akamtazama usoni, akaanza kuvua viatu amwonyeshe hatua.